Gololi Nyuma ya Kioo

Katika mawaidha ya baada ya magharibi mtaani kwetu, Mombasa, kuna kauli isiyokosa kurudi: dunia ni ghururi, na macho ndiyo mlango wake, basi usiyaamini. Sehemu ya kwanza naikubali kwa moyo wote. Hiyo ya pili ndiyo inayonichoma. Kazi yangu ni kupima macho ya watu na kuwachagulia miwani, na katika miaka yote niliyokaa ndani ya kile chumba cha giza sijakutana na jicho lililosema uongo. Nimekutana na jicho lililochoka, jicho lenye mtoto wa jicho, jicho lisiloweza kusoma mstari wa tatu ubaoni. Uongo ni kitu kingine kabisa.

Hata hivyo, ushahidi mzito dhidi yangu uko nyumbani kwangu, mkononi mwa mwanangu. Ni Nintendo 3DS, kifaa cha gemu kilichotoka Japani mwaka 2011, na gemu anayoipenda ni Zen Pinball 3D. Pinboli ni meza iliyoinama. Gololi ya chuma hufyatuliwa hadi juu, hugonga vizuizi vinavyoirusha huku na huku, hupanda vidaraja, kisha huteremka kuelekea shimo lililo chini, na mchezaji hana ila vibao viwili vya kuipiga irudi juu. Hayo yote yamo ndani ya skrini ya inchi 3.53. Ukisukuma juu kile kitufe cha kuteleza kilichopo kando ya skrini, kioo kinageuka dirisha. Meza inazama ndani, vidaraja vinainuka, na gololi inapita chini ya kimoja kweli kweli. "Mama, iangalie inavyopita chini!" Nami naiona ikipita chini, huku nikijua kwamba pale hapana chini wala juu, ni kioo bapa.

Kujua hakuondoi kuona. Hilo ndilo linalotisha kidogo. Ninaweza kueleza kila kitu: kwamba ndani ya skrini mna tabaka la mistari myembamba iliyosimama wima, inayolificha jicho moja kile kinachoonyeshwa jingine, kwamba safu 800 za nukta zimegawanywa, 400 kwa jicho la kulia na 400 kwa la kushoto, kwamba Charles Wheatstone alikwishaonyesha Uingereza mwaka 1838, kwa vioo viwili na michoro miwili bapa, jinsi kina kinavyozaliwa. Nikimaliza kueleza, gololi bado inapita chini ya daraja.

Basi jicho limedanganya? Kadhi akiletewa mashahidi wawili wanaotamka habari ileile neno kwa neno, hushuku kwamba wamefundishwa. Macho yetu yametenganishwa na kama milimita 63, na kila moja huleta habari yake, iliyopishana kidogo na ya mwenzake. Kina chote cha karibu tunachokiona, cha kikombe, cha ngazi, cha uso wa mtoto, kimepata msaada kutokana na kupishana huko. Hakuna jicho hata moja lililowahi kuleta kina. Lenyewe huleta mwanga na rangi, na hukumu hutolewa ndani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona huko Misri katika karne ya 11, alilichunguza jambo hili kwa mikono yake. Alitengeneza ubao wenye pengo la kuegeshea pua, akasimamisha juu yake vipande vya nta, akatazama ni wapi kimoja huonekana kimoja na wapi huonekana viwili. Makosa mengi ya kuona aliyahesabu kuwa ya upande wa hukumu. Nampenda mtu huyu kwa ubao ule kuliko kwa sifa zote alizopewa baadaye.

Tena kuna jambo ambalo wanaolaumu picha hawalitazami. Ndani ya programu ile mna gololi moja tu, yenye mahali pake kwa urefu, upana na kimo. Picha mbili huchorwa kutoka vituo viwili, na zinapatana katika kupishana kwao kwa sababu nyuma yao kuna meza moja. Nikiona gololi iko juu ya daraja, basi iko juu, kwa hesabu zilezile zinazoamua itaangukia wapi. Nimekosea kuhusu kioo. Kuhusu gololi niko sawa, na nikipiga kwa wakati wake inarudi.

Tena kile kitufe kipo. Ukikishusha, kina kinakwisha. Ukipeleka kichwa kando kwa ule msisimko wa mchezo, picha inapasuka mbili. Mdanganyifu hakuachii njia ya kumkagua, na hapa njia ziko wazi. Mwenyezi Mungu naye ametuachia: funga jicho moja, sogea hatua, nyosha mkono uguse. Al-Ghazali, katika kisa cha maisha yake, anaeleza jinsi nyota inavyoonekana ndogo kama dinari ilhali hesabu inasema ni kubwa kuliko ardhi. Akauliza, ikiwa akili imelisahihisha jicho, ni nani ataisahihisha akili? Alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili, na anasema hakutolewa humo kwa hoja bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mola wake. Naamini alisema kweli. Ila naona pia kwamba aliporudi, alirudi kuyaamini yale ya msingi aliyokuwa ameyatilia shaka. Hakubaki akiukataa ulimwengu.

Kuna mtoto ninayemhudumia ambaye ana makengeza, na ubongo wake umezoea kuliacha jicho moja. Kwake kile kitufe hakina maana. Juu au chini, meza ni ileile bapa. Lakini hucheza vizuri. Gololi huisoma kwa kivuli chake, kwa kasi yake, kwa jinsi inavyofichwa na daraja na kuchomoza upande wa pili. Mama yake aliniuliza, kwa uchungu mkubwa, "Dada, ndiyo kusema mwanangu haioni dunia ilivyo?" Nilimwambia anaiona, kwa ushahidi mchache kuliko wetu na uangalifu mwingi zaidi. Kisha tukarudi kwenye ratiba ya kumziba lile jicho zuri, ili lililoachwa lilazimike kufanya kazi, maana umri wake bado unaruhusu, na haki yake ya shahidi wa pili sitaki ipotee kwa sababu mtu fulani alimwambia macho si ya kuaminiwa.