Msilibandike Kabila Jina la Muuaji

Wajukuu zangu, nimechoka kulisema hili, lakini ketini nilirudie. Pale Kondele niliwasikia mkibishana juu ya Mboya na Ouko, viongozi wetu waliouawa, na chai haijapoa mkawa mmekwisha kuwahukumu watu wote wa Mlimani, Wakikuyu: "Wale ni wauaji." Maneno hayo yananikosesha usingizi.

Wazungu wana neno la mtu anayemuua kiongozi kwa ajili ya siasa: assassin. Asili yake ni Uajemi na Shamu, zama za Vita vya Msalaba. Mwaka 1090 Hasan-i Sabbah aliitwaa ngome ya Alamut milimani, akawaongoza Waismaili wa Nizari. Walikuwa wachache mbele ya dola kubwa ya Waseljuki, na baadhi ya vijana wao walitumwa kuwaua wakubwa kwa kisu, mchana kweupe. Waziri Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092. Wenyewe waliwaita vijana hao fidai, mtu anayeitoa nafsi yake iwe fidia. Maadui wao, Waislamu wenzao, ndio waliowaita hashishiyya, watu wa hashishi, kwa kuwatukana. Wapiganaji wa Msalaba wakalibeba tusi hilo hadi Ulaya, likawa assassin, kisha Marco Polo akaeneza hadithi ya bustani ya anasa na vijana waliolevywa. Alamut iliangukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1256. Ngome ilikwisha, tusi likabaki, na liliwaangukia hata wakulima na wanawake ambao hawakushika kisu chochote.

Wafuasi wa Aga Khan tulio nao hapa Kisumu ni Waismaili hao hao. Nani kati yenu aliyepeleka mtoto mgonjwa hospitali ya Aga Khan akaogopa kuchomwa kisu?

Basi sikilizeni habari ya kwetu. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alipigwa risasi Nairobi akitoka duka la dawa la Chhani, barabara iitwayo sasa Moi Avenue. Aliyehukumiwa ni mtu mmoja, Nahashon Njenga, Mkikuyu, akanyongwa Novemba mwaka huo. Inasemwa aliwauliza polisi mbona hawamwandami mkubwa. Swali hilo lilistahili jibu. Badala ya kulishikilia, watu waligawanyika, wao wa Mlimani na sisi Wajaluo. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta akaja hapa Kisumu kufungua hospitali tunayoiita Russia. Umati ukazomea, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa, watoto wakiwamo. Chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Na swali la mkubwa? Likafunikwa na hasira zetu, na aliyemtuma muuaji, kama yupo, akalala salama.

Robert Ouko naye, waziri wa mambo ya nje, alipatikana Got Alila, Februari 1990, amechomwa moto, na tukaambiwa huenda alijiua. Tume ya Jaji Gicheru iliyochunguza kifo chake ilivunjwa na Rais Moi Novemba 1991, kazi haijakamilika. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Mkirudi Kondele, bishaneni juu ya tume hiyo: kwa nini ilivunjwa wakati ule, na nani alikuwa hajahojiwa. Yule kijana wa Murang'a anayewauzia viazi soko la Jubilee hakuwa hata amezaliwa.