Nzuri, Lakini Si Njema

Je, kitu kilichotengenezwa ili kuua kinaweza kuitwa kizuri? Nauliza kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini waliona picha ya bastola ya Kijerumani, Luger P08, wakasema: "Nzuri sana!" Na wengi wao wamekimbia bunduki. Mbona waisifu?

Kwanza tuseme ukweli: ni kazi ya fundi hodari. Georg Luger, mzaliwa wa Austria, aliichukua bastola ya Hugo Borchardt iliyokuwa kubwa na nzito, akaipunguza mpaka ikakaa vizuri mkononi. Uswisi iliipa jeshi lake mwaka 1900. Jeshi la majini la Ujerumani likafuata 1904, na la nchi kavu 1908. Ndiyo maana inaitwa 08. Ndani yake kuna kiungo kama goti. Goti likinyooka linabeba mwili mzima. Likikunjwa kidogo tu, linaachia. Ukifyatua, mtutu unarudi nyuma kidogo, lile goti la chuma linakunjika kwenda juu, ganda linaruka nje, halafu springi inalinyoosha tena na risasi nyingine imeshaingia. Zinakaa nane ndani ya mpini.

Bastola hiyo iliitwa pia Parabellum, kutoka msemo wa Kilatini: ukitaka amani, jiandae kwa vita. Sisi tunaujua msemo huo hata bila Kilatini. Huko tulikotoka kila kundi lilisema limebeba silaha ili kujilinda tu. Tuko hapa.

Wapo wanaosema chuma hakina dhambi, dhambi ni ya mkono. Hata kisu kinaua. Sawa, lakini kisu kina kazi nyingine, kinakata mboga kila jioni. Bastola ya vita ikifanya kazi yake sawasawa, kuna mtu ameanguka. Hapo ubora wake na ubaya wake ni kitu kimoja.

Nadhani Kiswahili kinatusaidia. Tuna neno "nzuri" na tuna neno "njema". Tunasema habari njema, tabia njema, mtu mwema. Sijawahi kusikia mtu akisema bastola njema. Kwa hiyo vijana wale siwagombezi. Jicho lao limeona ufundi, na ufundi upo kweli. Ila jicho haliulizi kitu kitamfanyia nani nini.

Luger alifariki 1923. Mwaka 1938 jeshi la Ujerumani lilichagua bastola nyingine, iliyo rahisi zaidi kutengeneza. Lakini risasi yake ya milimita 9 bado inatumika duniani mpaka leo. Mkono wa fundi ulishapumzika, kazi yake haijapumzika.

Basi sisi tunaofundisha vijana ushonaji, uchomeleaji na kutengeneza simu, tusiishie kuuliza, "Umeifanya vizuri?" Tuulize pia, "Umefanya jambo jema?" Swali la pili ni gumu zaidi, na halina cheti.