Juu na Chini katika Grafu

Mwanafunzi mmoja kutoka Geita aliniuliza kwa nini katika grafu wingi huelekea juu, ilhali kwao mali hutafutwa chini. Nilitahayari, maana nilikuwa na desturi, sina hoja.

Descartes aliunganisha aljebra na jiometria katika kitabu chake cha 1637, lakini mihimili miwili tuijuayo leo ilikamilishwa na waliomfuata. Maumbile hayakuiamuru. Wachumi, tangu Alfred Marshall mwaka 1890, huiweka bei kwenye mhimili wa wima, hata pale mwanahisabati angeilaza. Nao wapimao kina cha shimo la mgodi huweka sifuri usoni pa ardhi, wakahesabu kwenda chini, kwa kuwa ndiko mchimbaji aendako.

Ni mapatano, basi. Na bila mapatano hatusomani. Lakini mapatano yakizoewa sana hujivika joho la ukweli. Tuonapo mstari wa bei ya dhahabu ukipanda, moyo hupanda nao, kana kwamba juu ni jina jingine la heri. Mtu aliye ndani ya duara, kamba mkononi, mstari ule ule humwita ashuke zaidi, penye hewa haba na kuta zisizoaminika. Ukurasa wa bei haukuwekewa mhimili wa kumwonyesha huyo.

Sikumshauri mwanafunzi wangu aipindue grafu. Alirudi na mchoro mmoja wenye sifuri moja: bei ikipanda, na kina cha duara la nduguye kikishuka. Sijamrudishia karatasi yake bado.