Mwalimu wa Chekechea na Maana ya Kuelewa

Neno umilisi halikuzaliwa katika mtaala. Sisi walimu wa lugha tulilipata kwa wanaisimu, waliolitumia kufasiri wazo la Noam Chomsky, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1965 alitenga ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji na utendaji wake, yaani maneno yenyewe ayatamkayo. Umilisi ulikuwa kitu kisichoonekana. Utendaji ndio uliosikika, aghalabu ukiwa na kasoro. Mtaala wa Kenya, ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 katika chekechea na madarasa ya chini, umelichukua neno hilo na kuligeuza: umilisi sasa hujulikana kwa matendo. Umetajwa wa aina saba, na miongoni mwake zimo fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo.

Swali langu halimhusu mtoto, bali mwalimu wake. Twaweza kusema lini kwamba ameuelewa mtaala huo? Ni pale awezapo kuueleza, ama pale autendapo hata akikosa maneno ya kuuelezea?

Nilikwenda kuwapima wanachuo wawili waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Wa kwanza aliniambia maana ya fikra tunduizi neno kwa neno, kama mtu asomaye dua, kisha akawaimbisha watoto herufi kwa nusu saa nzima. Hakuna mtoto aliyeuliza lolote. Wa pili aliwapa watoto maharagwe wayatenge kwa rangi, mekundu huku na meusi kule. Mtoto mmoja wa miaka mitano akayachanganya rangi. Mwanachuo akachutama karibu naye, akamwuliza, “Kwa nini umeyapanga hivi?” Mtoto akajibu, “Haya yametobolewa na wadudu. Haya mama atapanda.” Basi wenzake wakaja kutazama matundu, wakaanza kuyatafuta katika mafungu yao, na kipindi kikaisha rangi zimesahauliwa.

Baadaye nilimwuliza fikra tunduizi ni nini. Akababaika. Nikampa alama za chini: shabaha ya somo haikufikiwa, na istilahi haijui. Yule wa kwanza alifaulu vizuri.

Huenda msomaji akanipinga kwamba mwalimu asiyeweza kueleza alitendalo hana hakika ya kulirudia kesho. Pingamizi hilo lina uzito, nami sitaki kuwatukuza wasiosoma. Lakini swali la “kwa nini” halikumtoka kwa bahati. Ilimpasa kwanza aamini kwamba mtoto aliyekosea huenda ana sababu, jambo ambalo wengi wetu hatukutendewa tulipokuwa wadogo. Aliyehoji aliitwa mkaidi. Tena ilimpasa alitende hilo huku mimi nikiwa nimeketi nyuma na karatasi yangu, akijua kwamba dakika zinapita.

Mtaala unasema umilisi ni kutenda. Mimi, mkufunzi wa mtaala huo, nilipima kukariri. Basi katika darasa lile walikuwamo watu watatu: mtoto aliyefikiri, mwalimu aliyemsikiliza, na mpimaji ambaye hakuelewa alichotumwa kukipima. Ni mmoja tu kati yao aliyekuwa na kalamu nyekundu.

Nakala ya karatasi ile ingali katika jalada langu. Nilipotambua kosa, alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa.