Mama wa Mwana-Punda

Somo la juma hili: Mathayo 21:1–7



Mathayo peke yake ndiye anayetuambia kwamba siku Bwana alipoingia Yerusalemu waliletwa wanyama wawili, punda na mwana-punda. Marko na Luka wanamtaja mmoja tu, yule mchanga, kisha wanaongeza neno ambalo Mathayo hakulisema: kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpanda. Nimehubiri Jumapili ya Matawi miaka mingi, na kila mwaka nimempita yule mama punda kama mtu anayepita jirani bila salamu. Chuoni tulifundishwa kwamba yumo kwa ajili ya unabii wa Zekaria, sura ya 9, nami nikatosheka. Aliyenifumbua macho ni mshirika wetu mmoja, saisi, ambaye amewatunza farasi hapa Nairobi tangu ujana wake.

Wengi wenu hamjamgusa farasi maishani, na si ajabu. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o waliwamaliza, na pale ambapo mbung'o hawakufika, ilifika ile homa ya farasi inayoenezwa na visubi. Lakini Nairobi wapo. Uwanja wa mbio wa Ngong Road uko pale tangu 1954, na mbio zake mara nyingi huwa Jumapili, ndiyo maana kiti cha ndugu yetu huonekana kitupu ibada ya pili. Naomba msimhukumu. Farasi hajui Jumapili. Anajua njaa, kiu na kwato zinazouma.

Sasa, farasi akimaliza mbio huenda wapi? Wengine hupelekwa kwenye michezo ya kuruka viunzi, na huko wengi wa wapandaji ni watoto na vijana. Farasi aliyestaafu mbio akiwa bado mchanga huuzwa kwa bei nafuu kuliko yule aliyekwisha kufundishwa kuruka. Mzazi anamwona ni mrefu, anang'aa, ana miguu mizuri. Binti yake ana miaka 12 au 13 na amempenda papo hapo. Basi mzazi anasema neno ambalo ndugu yetu anasema amelisikia mara nyingi kuliko alivyotaka: "Watakua pamoja."

Ni neno tamu. Mimi mwenyewe ningelisema.

Mwezi uliopita alinialika nikaone mashindano. Tulisimama kando ya uzio asubuhi, umande haujakauka. Akaingia msichana wa miaka kama 13 juu ya farasi jike wa miaka 4, kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji. Farasi huyo alikuwa ametoka mbioni miezi michache tu nyuma. Fikirini alivyofundishwa tangu akiwa na miaka 2: lango likifunguka, toka shoti, watu wakipiga kelele, ongeza. Leo amewekwa katikati ya spika, mahema na bendera, anaambiwa aende taratibu, akate kona, apime hatua zake, aruke miti iliyopakwa rangi. Na anayemwambia hayo ni mtoto ambaye naye anashindana kwa mara ya kwanza.

Kiunzi cha kwanza wakaruka. Walipokata kona kukifuata cha pili, upepo ukainua kitambaa cheupe cha meza ya waamuzi. Masikio ya farasi ndiyo yaliyotangulia: yote mawili yakageuka kuelekea mezani. Kisha shingo ikapanda juu. Mtoto alipoona shingo imepanda akavuta hatamu, na mikono yake nayo ikapanda mpaka kifuani. Farasi akafunga breki mbele ya kiunzi, kwato za mbele zikichimba mchanga, na yule msichana akaserereka mpaka shingoni, akaikumbatia asianguke. Kukataa kuruka ni adhabu ya pointi 4. Akamgeuza, akajaribu tena. Farasi akakataa tena. Nyuma yetu mwanamume mmoja, nadhani ni baba yake, akapaza sauti: "Mpige! Mwonyeshe nani mkubwa!" Mtoto akapiga kiboko mara moja, machozi yakimtoka chini ya helmeti. Safari ya tatu farasi hakukikaribia hata kiunzi. Kengele ikalia. Wametolewa.

Nilimgeukia ndugu yetu, nikamuuliza kosa ni la nani.

"Mchungaji, farasi hana kosa. Ameona kitambaa."

"Na msichana?"

"Naye hana kosa. Ni mtoto. Kosa ni letu sisi tuliowaacha wawili hawa peke yao."

Akaniacha pale, akaenda kwenye mabanda. Alirudi anamwongoza farasi mzee aliyehasiwa, wa miaka zaidi ya 20, mgongo umebonyea, mdomo wa chini umelegea kama wa babu aliyesinzia. Akamweka ubavuni mwa yule mchanga. Akamwambia msichana: "Usishuke, mwanangu. Legeza mikono. Tembea naye tu." Wakazunguka kiwanja cha mazoezi, polepole, saisi akitembea kwa miguu katikati yao, hazungumzi. Mzunguko wa kwanza farasi jike alikuwa bado anatupa kichwa. Wa pili akaanza kutafuna lijamu. Wa tatu akashusha shingo, akapumua kwa nguvu puani, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba mabega ya msichana yalishuka wakati ule ule.

Mchana, kiwanja kilipokuwa kitupu, ndugu yetu aliwaomba waamuzi ruhusa, akawapeleka wote watatu mpaka pale mezani. Farasi mzee alinusa kitambaa, akakipigia chafya, akataka kukila pembeni. Yule mchanga alisimama nyuma yake kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha shingo, akaivuta tena, akanyoosha, mpaka pua yake ikagusa kitambaa. Msichana akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hawakupata utepe wowote, na saa tisa walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za farasi kuliko inavyonipasa. Nimejifunza kwamba macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya paji. Nimejifunza pia habari ya watafiti wa Sweden waliochapisha jaribio lao mwaka 2009. Waliwaambia watu wawaongoze au wawapande farasi kutoka alama moja hadi nyingine, mara kadhaa, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya safari ya mwisho walimwambia mtu kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla wakati anapita. Mapigo ya mtu yakapanda. Ya farasi nayo yakapanda. Mwavuli haukufunguliwa. Farasi hakuambiwa neno lolote kuhusu mwavuli. Alichokuwa nacho ni hofu ya mtu aliyekuwa naye.

Nikamkumbuka yule baba pale uzioni. Simlaumu, alikuwa anaogopa kwa ajili ya mtoto wake, na hofu ya mzazi mara nyingi hutoka na sauti ya hasira. Lakini hofu ile iliingia kwa mtoto, ikashuka mikononi, ikapita kwenye hatamu mpaka kwenye kipande cha chuma mdomoni mwa mnyama. Yakobo katika waraka wake, sura ya 3, anazungumzia jinsi lijamu inavyougeuza mwili mzima wa farasi. Farasi wa kawaida ana uzito wa karibu nusu tani. Tumezoea kulihubiri fungu hilo kuhusu ulimi, na ni sawa. Mimi sasa naliona pia jambo la pili: lijamu hupeleka kila kitu kilicho mkononi, ujuzi na hofu pia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia methali hii ikitumiwa kuhalalisha kiboko, na kuwapeleka watoto mashindanoni kabla ya wakati. Lakini isikilizeni vizuri. Yupo samaki mbichi, na yupo anayekunja. Methali haisemi samaki mbichi amkunje samaki mbichi mwenzake. Anayekunja anajua mikono yake, anajua mfupa uko wapi, anajua akizidisha utavunjika.

Sisemi kijana asipande farasi mchanga. Farasi wazee wote walikuwa wachanga, na lazima mtu awafundishe. Wako vijana wenye mikono tulivu kuliko watu wazima, na farasi mchanga akiwa na kijana wa namna hiyo, mwalimu akiwa karibu, ni jambo la kumshukuru Mungu. Ninachosema ni kwamba kati ya wawili mmoja awe anajua. Na kama hakuna anayejua, pawepo wa tatu. Wafundishaji wazuri humpeleka farasi mgeni uwanjani siku ya kwanza bila kumwandikisha. Anatembezwa, anasikia spika, anaona mahema, anakula majani, anarudi nyumbani. Ada ya gari imelipwa na hakuna kilichoshindaniwa, na kwa macho ya wengi siku imepotea. Kwa farasi haikupotea. Katika Olimpiki, farasi wa kuruka viunzi sharti awe na miaka isiyopungua 9. Hesabuni wenyewe: farasi anaweza kukimbia mbio akiwa na miaka 2, lakini kwa mashindano makubwa kuliko yote ya kuruka anangojewa miaka 7 zaidi.

Jambo jingine, na nalisema kwa wazazi hasa. Mpandaji anaruhusiwa kuinua mkono, kuwasalimu waamuzi na kutoka kabla kengele haijalia. Yule msichana alijua hivyo. Alimwambia saisi baadaye. Hakuthubutu, kwa sababu ya sauti iliyokuwa uzioni. Mwambieni mtoto mapema, nyumbani, mkiwa mnakula, kwamba siku akiinua mkono mtamlaki vile vile.

Sasa nirudi kwa mama punda. Siku ile ya mashindano, tulipokuwa tunangoja matatu kurudi, nilimsimulia ndugu yetu habari ya Mathayo na mabishano ya wasomi kuhusu wanyama wawili. Akashangaa kwamba watu wamebishana. "Mchungaji," akasema, "mwana-punda ambaye hajapandwa bado, katikati ya umati ule, watu wanapiga kelele, matawi yanakatwa, nguo zimetandazwa njiani? Bila mama yake asingepiga hatua mbili."

Nikamjibu kwamba Bwana aliyetuliza bahari angeweza kumtuliza punda mmoja.

"Angeweza," akasema. "Lakini alimwita na mama."

Sikuwa na la kuongeza, na hadi leo sina. Zile nguo barabarani ni kile kitambaa cheupe cha meza ya waamuzi. Bwana alijua anampanda mnyama asiyejua kitu, alijua kelele itakayokuwapo, na alipowatuma wanafunzi wawili kijijini aliwaagiza wawafungue wote wawili. Marko na Luka wanatuambia aliyepandwa ni yule mchanga. Mama yake alitembea tu. Hakubeba mtu, hakuimbiwa, na Marko na Luka hawakuona haja ya kumtaja.

Hapo ndipo nilipojiona mimi na wazee wenzangu. Mwaka jana tulimkabidhi kijana wetu wa miaka 19 hesabu za kanisa, mara tu tulipoanza kupokea sadaka kwa simu. Utaratibu ulikuwa mpya kwetu sote, na yeye alikuwa mpya kwenye kazi. Tulisema ana akili, anajua simu, atajifunza humo humo. Hatukumpa mtu wa kukaa naye hata Jumapili moja. Hesabu zilipokosana na benki, tulimwita kikaoni jioni, sisi saba upande mmoja wa meza na yeye upande wa pili. Nakumbuka alivyoshika karatasi zake kwa mikono miwili, zikitetemeka. Fedha haikupotea hata shilingi. Alikuwa ameandika miamala michache mara mbili. Lakini kwa miezi mitatu baada ya kikao hicho hakuonekana kanisani, na mimi nilihubiri miezi yote hiyo mitatu bila kwenda kugonga mlango wa kwao. Nimemwomba radhi nyumbani, mbele ya mama yake. Leo namwomba radhi mbele yenu.

Amekubali kurudi. Jumapili ijayo, mara baada ya ibada ya pili, atasoma hesabu za robo mwaka mbele ya kanisa. Mama yetu aliyekuwa mhazini kabla yake amekubali kusimama kando yake, si kusoma, kusimama tu. Nawaomba mje mapema, mkae viti vya mbele, watoto wasikimbie ukumbini kwa dakika hizo chache, na mwenye swali aliulize kwa sauti ya chini.