Ghala la Mtu Aliyeshauriana na Nafsi Yake

Ukisimama Kitai, pale barabara ya Ruanda na Lituhi inapoachana na ile ya Songea kwenda Mbinga, hutasubiri sana. Lori la makaa ya mawe litapita, litafuatwa na jingine, maturubai yamekazwa juu, vumbi jeusi limeganda kwenye matairi. Makaa hayo yanatoka Ngaka, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2011. Mengi yalikuwa yakienda kwenye viwanda vya saruji. Vita ya Ukraine ilipozuka mwaka 2022 na Ulaya ikahangaika kutafuta nishati, mengine yakaanza kuteremka hadi bandari ya Mtwara na kupakiwa melini. Mawe hayo yamelala ardhini zaidi ya miaka milioni 250, na tanuri linayamaliza kwa saa chache.

Siyataji makaa kwa kuyabeza. Yameleta vibarua, yameleta wateja kwa akina mama wanaopika kando ya barabara, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa fedha iliyotokana nayo kwa njia moja au nyingine. Ninachokitazama ni macho yetu sisi tunaosimama pembeni lori linapopita. Kila mmoja anapiga hesabu: hilo ni tani ngapi, ni la nani, na mimi nitapata lini langu. Hesabu hiyo tunaondoka nayo barabarani, tunaingia nayo nyumbani, na Jumapili tunakwenda nayo kanisani.

Tarehe 3 Agosti 2025 ilikuwa Jumapili ya 18 ya Mwaka C, na Wakatoliki duniani kote walisoma Injili ya Luka, sura ya 12, kisa cha tajiri ambaye shamba lake lilizaa kupita kiasi. Kwetu somo hilo liliangukia katikati ya msimu wa kahawa, mikono ikiwa bado na utomvu wa buni. Kisa tunakijua: hana pa kuweka mavuno, anaamua kubomoa maghala na kujenga makubwa zaidi, na usiku uleule anaambiwa roho yake inatakiwa. Tunachokisahau ni kilichotangulia. Mtu mmoja katika umati alimtaka Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Mfano wote ule ulizaliwa na ugomvi wa mali ya marehemu, na nani kati yetu hajakaa matangani akaona mambo hayo? Kaburi bado bichi, wageni hawajaondoka, na tayari kaka na mdogo wake wanaulizana nani anajua mpaka wa mibuni ya baba unaishia kwenye mti gani.

Tulipolirudia somo lile kwenye jumuiya, mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote alituuliza, “Sasa wanangu, huyu tajiri anashauriana na nani?”

Tukaangalia tena. Mke hatajwi. Ndugu hatajwi, wala jirani, wala kibarua aliyemvunia. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajipangia miaka mingi ya kula na kustarehe. Yule mzee akatikisa kichwa. “Hakuwa na sengu huyo,” akasema.

Nimeisikia Injili ile tangu utotoni, na hakuna mahubiri yaliyonifikia ndani kama sentensi hiyo. Kwa vijana wasioijua, sengu ilikuwa baraza la ukoo katika milima ya Umatengo. Wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, walikula pamoja kwa mkubwa wao, chakula kikitoka katika nyumba zao mbalimbali. Hapohapo vijana walifundwa, magomvi yakasuluhishwa, kazi za mashamba zikapangwa. Ilikuwa na kasoro yake, tena kubwa: akina mama walipika lakini hawakuketi kwenye shauri. Siitamani irudi hivyo ilivyokuwa. Hata hivyo, ilimnyima mtu nafasi ya kupanga maisha yake yote peke yake, usiku, akiwa amekaa mbele ya mavuno yake. Njaa ya nyumba moja haikuweza kufichika pale ambapo vyakula vya nyumba zote vilikutana.

Leo kila nyumba ina ghala lake na kufuli lake. Na katika upweke huo ndipo inapostawi biashara ambayo kila mkulima wa Mbinga anaijua kwa jina: magoma. Januari inafika, ada inadaiwa. Februari mahindi yanakaribia kwisha, mtoto anaugua, na kahawa iko mtini, kijani, haiuziki. Mwenye fedha anapita. Anatoa kiasi kidogo papo hapo, na kuanzia siku hiyo buni zilizo mtini si za aliyezipalilia. Mavuno yakifika, mkulima anachuma, anabeba, anakabidhi, na anabaki na deni la mwaka unaofuata. Serikali imeikemea biashara hiyo mara nyingi. Inaendelea, kwa sababu dhiki ya Februari haisubiri mnada wa kahawa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenye magoma mara nyingi si mgeni. Tunasali naye kigango kimoja. Anatoa zaka, anachangia ujenzi wa kanisa, jina lake linasomwa mbele ya altare na tunampigia makofi. Nimewahi kukaa na mmoja wao na kumsikiliza kwa utulivu, na hakunieleza habari za anasa hata kidogo. Alinieleza hofu. Anaogopa kuugua bila akiba. Anaogopa uzee, anaogopa watoto wake wasije wakahangaika kama alivyohangaika yeye. Nilimwelewa, kwa sababu hofu hiyo ninayo pia, na sidhani yupo mzazi asiyeijua.

Basi hapo ndipo imani yetu inapopaswa kusema neno, na neno lenyewe ni tumaini. Kila Jumapili, katika Nasadiki, tunakiri kwamba wafu watafufuka na kwamba uzima hauishii hapa. Tunaomba ufalme wa Mungu uje. Kama maneno hayo ni ya kweli, na mimi naamini ni ya kweli kuliko bei ya kahawa, basi hofu ya yule ndugu imeshapata jibu. Kuna Baba anayejua tunachohitaji. Kuna urithi ambao hakuna kaka anayeweza kuhamisha mpaka wake usiku. Mtu anayeutazamia urithi wa namna hiyo hana sababu ya kununua njaa ya jirani yake ili ajihakikishie kesho. Akiinunua, basi kwa vitendo anakiri kwamba anaamini kifo ndicho chenye neno la mwisho, hata kama midomo yake inaimba vingine.

Wapo wahubiri wanaotuambia kinyume. Wanafunga vipaza sauti kando ya barabara na kufundisha kwamba ukitoa kingi utarudishiwa maradufu, na kwamba mwenye gari ndiye aliyebarikiwa. Naona uchungu sana, maana wanamgeuza Mungu kuwa mwenye magoma: anayepokea kidogo cha mnyonge kwa ahadi ya mavuno. Msalaba hauna nafasi katika mahubiri hayo, na ufufuko unabaki pambo la Pasaka.

Najua pingamizi linalokuja: mambo haya ya mbinguni yanawalaza watu. Mtume Paulo alikutana nalo Thesalonike, ambako wapo walioacha kazi wakingojea Bwana arudi, akawaamuru wafanye kazi na kula chakula chao wenyewe. Na kwetu wapo watu ambao maisha yao ni jibu. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, jirani zetu upande wa Songea, wameahidi mbele ya Mungu kutokuwa na mali binafsi. Wanawake hao ambao hakuna hata mmoja anayemiliki shamba kwa jina lake ndio waliojenga mtambo wa umeme wa maji wa Tulila, katika Mto Ruvuma. Una uwezo wa megawati 5 na ulianza kazi mwaka 2015. Wakawauzia TANESCO umeme wakati Songea bado ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli, kabla gridi ya Taifa haijafika. Kila ninapolifikiria jambo hilo nazidi kusadiki kwamba tumaini la uzima wa milele linaikomboa nguvu ya mtu kutoka kwenye woga na kuifanya ifanye kazi kubwa. Ni nani mwenye mali binafsi katika wilaya zetu aliyewahi kuthubutu kiasi hicho?

Ukiteremka milima hadi Ziwa Nyasa, pale Liuli kuna kaburi la padre Mwanglikana, William Percival Johnson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854. Alikuwa ameshapata nafasi katika utumishi wa serikali ya India, kazi ya mshahara mnono na pensheni, akaiacha na kuja Afrika mwaka 1876. Jicho moja lilipofuka kabisa kwa maradhi, la pili likabaki dhaifu, na bado aliendelea kuzunguka vijiji vya mwambao, kwa miguu na kwa chombo, mpaka alipofariki mwaka 1928. Alikuja katika zama ambazo mataifa ya Ulaya yaligawana ardhi yetu, na zama hizo zimetuachia majeraha ambayo siwezi kuyafunika kwa sifa za mtu mmoja. Lakini waumini bado wanalizuru kaburi lile, karibu karne nzima baadaye, na si kwa ajili ya mali, maana hakuacha.

Nawakumbuka pia wazee wetu waliochimba ngolo. Wanaume walifyeka nyasi na kuzipanga miraba juu ya mteremko, akina mama wakachimba udongo wa katikati na kuzifukia, na kila shimo likawa linashika mvua isiusombe mlima kwenda bondeni. Kazi ile haikuwa ya kumtajirisha mtu kwa msimu mmoja. Aliyeianza alijua kwamba watakaoufaidi mlima ni watu ambao hatawaona. Hakuna katekista aliyekuwa amefika huku bado, lakini walikuwa tayari wanaishi kwa kutazamia jambo lililo nje ya upeo wa umri wao, na Injili ilipokuja ilikuta udongo ulioandaliwa.

Mwaka uleule wa 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei, ulioitishwa na Papa Fransisko, ambaye alifariki Aprili kabla haujaisha. Kaulimbiu yake ilikuwa Mahujaji wa Matumaini. Tuliimba sana mwaka ule. Sikumbuki kama tulisoma vya kutosha ile Jubilei ya asili katika kitabu cha Walawi, sura ya 25. Humo Mungu anasema ardhi ni mali yake na sisi ni wageni kwake, na kwa sababu hiyo shamba lililouzwa kwa dhiki lirudi kwa wenyewe kila mwaka wa 50. Tena anaingia kwenye hesabu zenyewe: bei ipangwe kwa idadi ya mavuno yaliyobaki, watu wasipunjane, na ndugu aliyefilisika asitozwe riba. Nilipoisoma sura hiyo nikiwa na magoma kichwani nilishindwa kukaa. Tumaini la ufalme limeandikwa pale kwa lugha ya mavuno na madeni, lugha ambayo mkulima wa Mbinga hahitaji kutafsiriwa na padre.

Tumekubaliana jumuiyani kwamba msimu huu kila familia itatenga debe la mahindi na sehemu ya fedha ya kahawa, viwekwe mahali pamoja, ili yeyote kati yetu atakayebanwa kuanzia Januari akope hapo na arudishe kilekile bila nyongeza. Safari hii akina mama wameketi kwenye shauri, na wao ndio wanaoshika daftari. Kuna waliopinga, na yule ndugu mwenye magoma bado hajasema lolote. Mzee wetu amependekeza tuanze na mjane mmoja mwenye kahawa karibu na bonde, kwa kuwa mnunuzi ameshampelekea salamu mara mbili, na binti yake anaanza kidato cha kwanza.