Chumba cha Bustanini na Dhima ya Mwenye Kukijenga

Mtu akusudiapo kujenga chumba cha kazi bustanini, kando ya nyumba anayolala, aghalabu huanza kwa kumwuliza fundi habari za msingi, mbao, bati na nyaya za umeme, ilhali swali lililo zito kuliko hayo yote, nalo halimo katika elimu ya fundi, ni hili: je, mja ana haki ya kujitenga na watu wake nao wangali wanamhitaji, na kama anayo, mpaka wa haki hiyo ni hatua ngapi kutoka mlango wa nyumba?

Katika kijiji cha Ayot St Lawrence, Uingereza, ambako George Bernard Shaw alikaa tangu mwaka 1906 hata alipofariki mwaka 1950, mwandishi huyo alikuwa na kibanda cha mbao mwishoni mwa bustani, kilichowekwa juu ya mtambo wa kukizungusha ili kifuate jua kadiri lilivyohama, kwa kuwa katika nchi ile ya baridi mwanga na joto ni neema za kutafutwa. Alikitia simu ya kusemezana na nyumba. Tena alikipa jina la London, ili mgeni asiyealikwa aambiwe, kwa maneno yaliyokwepa uongo bila ya kuifikia kweli, kwamba bwana yuko London. Wengi hukicheka kisa hiki, nami sikatai kwamba kinachekesha. Walakini aliyebuni jina ni bwana, na aliyelazimika kulitamka mlangoni ni mwingine, na faragha inayonunuliwa kwa ulimi wa mtu mwingine ina dhuluma ndani yake, hata ikizaa tamthilia nzuri.

Sisemi kwamba khalwa ni haramu. Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kuteremshiwa wahyi, na Injili ya Mathayo humwamuru asaliye aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Imamu al-Ghazali, aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, akaenda Dameski na kujifungia katika mnara wa msikiti mkuu wa mji huo, aliandika, ndani ya mkusanyo wake mkuu uitwao Ihya, kitabu kizima juu ya adabu za kujitenga, akazipima faida na hasara, asikubali kutoa hukumu moja kwa watu wote. Lakini mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya kuondoka aliigawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake. Na baadaye, pamoja na utamu wote alioupata katika upweke, miito ya watoto hao ni miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao. Naona fatwa iliyomo katika mwenendo huo ni bayana kuliko iliyomo kitabuni.

Kisha yuko jirani. Sheria ya Uingereza kwa kawaida huruhusu kibanda cha namna hii bila ya ombi maalumu, ila kikiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, kimo chake kisizidi mita 2.5. Vipimo hivyo humhifadhia jirani anga yake. Macho ya mwenye kibanda havikuyagusa, na mafakihi wa kale walikuwa na hadhari zaidi walipozuia dirisha lichunguliao ua wa watu.

Wazee wa Lamu hawakuhitaji kibanda: walikaa na wageni wao katika daka, penye baraza za mawe mlangoni, na mwito wa ndani ukawafikia. Sisi wenye viwanja na kazi za kimya hatuwezi sote kurejea huko. Basi ajengaye pwani na afungue madirisha yapokee kusi na kaskazi, apunguze yanayotazama magharibi, jua la alasiri lisimtese; mlango auelekeze nyumbani, dirisha asilielekeze kwa jirani; na kabla fundi hajachimba msingi, asimame pale alipopachagua, mkewe au mtoto amwite kutoka jikoni kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, na avisogeze vigingi karibu na nyumba.